Mlango wa Kasa

1 Machi

Daktari amenipa daftari hili niandike presha kila asubuhi. Kila siku ina ukurasa wake mzima, na presha ni namba mbili tu. Nafasi iliyobaki ni ya nini, sikumuuliza. Leo ni 150 kwa 95. Nitaandika na mengine, karatasi isipotee bure.

Msimu wa kuvua kamba unafunguliwa tarehe 10. Bandani tuko wanawake wanne tunaoshona nyavu za meli sita, na mimi ndiye mkubwa wao. Sijui kama ni kwa ujuzi au kwa umri.

3 Machi

Afisa wa uvuvi ametuletea kitu cha kushona. Ni kiunzi cha chuma, duara kama mdomo wa pipa, chenye nondo zilizosimama kama za dirisha. Kinakaa ndani ya shingo ya wavu wa kukokota, kimeinama kidogo kurudi nyuma. Kamba wanapita kati ya nondo na kuingia kwenye mfuko ulio mwisho wa wavu. Kasa hapiti. Anagonga nondo, anateleza kwenda juu, na kule juu kuna tundu tulilokata, limefunikwa kwa pazia la wavu. Analisukuma pazia, anatoka, pazia linarudi mahali pake.

"Kasa anavuta hewa kama nyinyi," afisa alisema. "Wavu ukikaa chini saa tatu naye yumo, anazama kama mtu."

Ametubandikia picha ukutani: kasa aliyezimia, amelazwa kifudifudi, makalio yamenyanyuliwa ili maji yatoke mapafuni. Wenzangu wamecheka makalio hadi afisa naye akacheka.

6 Machi

Shingo tano nimezishona kwa wavu mpya. Ya sita wavu umeniishia, na msimamizi wa gati anasema mwingine hauji hadi Mei. Nimeikata kwenye wavu wa mwaka juzi, na meli niliyoipa ni ya mdogo wangu. Yeye ni nahodha, tumbo moja na mimi. Ningempa yeye mpya na mwenzake mkuukuu, gati zima lingesema damu ni nzito. Aliipapasa, akaipakia.

9 Machi

Afisa amepima viunzi vyote sita vikiwa vimetundikwa bandani, vikavu. Ameridhika, amepiga muhuri. 148 kwa 92.

10 Machi

Zimetoka zote. Banda limebaki na sisi na paka.

18 Machi

Wamerudi. Meli tano zimepata kama kawaida, ya mdogo wangu imepata nusu. Alikuja moja kwa moja bandani, buti bado zinachuruzika maji.

"Dada, mlango wako unatoa kamba."

"Mlango unatoa kasa."

"Kasa sijamwona. Nilichoona ni mfuko mtupu."

Nikamwambia asiyejua kucheza hulaumu uwanja. Wenzangu wakacheka, naye akacheka, ila cheko lake lilikuwa la mdomoni tu. Akaenda kusimama mbele ya ubao wa ofisini. Pale wanaandika masanduku ya kila meli, na meli itakayokuwa ya mwisho msimu ukifungwa inafungwa gatini mwaka mzima ujao. Yake ina mabaharia kumi na wanne.

20 Machi

Serikali imemleta mwangalizi wa kukaa melini na kuandika kila kinachotoka majini. Mmoja kwa meli sita. Ni msichana mwembamba mwenye miwani. Mabaharia wameshampa jina, Binti Daftari. Siku ya kwanza alitapika kabla meli haijafungua kamba zake. Msimamizi alimuuliza kama gatini nako kuna mawimbi. Akajifuta mdomo, akaandika saa ya kutoka.

30 Machi

Binti Daftari alikuwa na mdogo wangu wiki hii. Nusu tena. Kasa hakuna.

7 Aprili

Leo mdogo wangu amerudi wa pili kwenye ubao. Binti alikuwa meli nyingine. Mabaharia wameshuka wanaimba. Amenunua mikate akapitia kwangu, amekula, amelala kwenye kiti. Nilifurahi kumwona analala.

8 Aprili

Wavu wake umeletwa kuzibwa mashimo ya miamba. Kwenye ukingo wa pazia nimekuta vipande vidogo vya uzi wa bluu. Uzi wangu ni wa kijani. Nimevitia mfukoni mwa aproni.

11 Aprili

Mvua. Hakuna kazi.

12 Aprili

Mvua.

16 Aprili

155 kwa 98.

Wavu wake umerudi leo, tena kwa haraka, maana jana kulikuwa na upepo na waliutupa tu kwenye mkokoteni. Nilipolifungua pazia halikufunguka. Limeshonwa kuzunguka lote, uzi wa bluu, mshono wa karibukaribu. Kasa wa ukubwa wowote asingetoka hapo, hata mtoto wa kasa.

Nikaangalia fundo la mwisho. Marehemu baba alikuwa anafunga fundo mara mbili, kisha anaurudisha mkia wa uzi chini ya fundo ili usikwame kwenye macho ya wavu. Watu wote aliofanya nao kazi walifunga kivyao. Fundo lile nimemfundisha mtu mmoja tu, akiwa na miaka minane, akakaa mwezi mzima analikosea.

Wenzangu walikuwa kwenye chai. Afisa alikuwa anakuja saa nane kukagua. Nikachukua kisu, nikakata mshono wote, nikachomoa nyuzi moja moja, nikazitupa kwenye jiko la chai. Afisa alipokuja alilisukuma pazia kwa mkono, likafunguka vizuri.

"Kazi safi, fundi," akasema.

Sikumwambia mdogo wangu kitu. Nilijisemea nitamwambia akija kula. Alikuja, akala, nikamuuliza habari za watoto.

24 Aprili

Binti Daftari amekuja bandani na chai yake mkononi. Akakaa kwenye bunda la maboya.

"Mama, nina swali la kijinga. Nikipanda meli ya nahodha mdogo wako, anapata kidogo. Nikishuka, anapata kingi. Mara mbili sasa. Mimi nina mkosi?"

"Bahari haina mizani, mwanangu."

Aliniangalia kidogo juu ya miwani. "Kweli," akasema. "Lakini mimi ninayo." Akamaliza chai, akaosha kikombe mwenyewe, akaenda.

Sijapenda nilivyomjibu. Methali ni blanketi zuri la kujifunika mtu akiwa hana nguo.

29 Aprili

Mdogo wangu ni wa kwanza kwenye ubao.

5 Mei

Leo sikupima presha.

Saa mbili asubuhi meli ya mdogo wangu iliingia kabla ya siku yake. Waya wa winchi, mashine ya kuvutia wavu, ulikatika alfajiri wakati wanavuta, wakashindwa kupandisha mfuko sitahani, wakaja nao ukining'inia nyuma. Ilibidi kreni ya gatini iunyanyue, mbele ya watu wote: wapakuaji, wachambuaji kamba, msimamizi, mimi. Walipofungua mfuko vikamwagika kamba, samaki wadogo, matope, na kasa. Mkubwa, urefu wa gamba lake kama meza yangu ya kushonea. Shingo ililala pembeni kama soksi.

Pazia lilikuwa limeshonwa. Kila aliyesimama pale aliliona, na kila mmoja akapata kitu kingine cha kuangalia.

Mtu mmoja akasema arudishwe majini upande wa pili, watu waendelee na kazi. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Mleteni bandani." Msimamizi akaniambia amekufa. Nikamwambia hata waliozimia wanafanana na waliokufa. Wanaume wanne walimpakia kwenye mkokoteni wa masanduku.

Tukamlaza kama kwenye picha, kifudifudi, nyuma yake juu ya mabunda mawili ya wavu. Yale makalio hakuna aliyeyacheka leo. Maji yalimtoka mdomoni kidogo kidogo, yakakoma. Nikamfunika gunia bichi, nikaacha kichwa wazi. Picha inasema umguse kope na mkia uone kama atashtuka. Saa tatu hakushtuka. Saa nne, kope ikacheza. Nikamgusa tena, haikucheza. Mpaka sasa sijui kama niliona au nilitaka kuona.

Saa tano mdogo wangu akaja, akageuza sanduku, akakaa. Wenzangu wakakumbuka kazi nje.

"Umejua lini?" akaniuliza.

"Nililiona fundo la baba."

Akainamisha kichwa.

"Una mabaharia kumi na wanne," nikamwambia. "Kwa nini ushone kwa mkono wako?"

"Nikimtuma mtu, dhambi inakuwa yake na mshahara wangu. Nilikuwa nashona peke yangu watu wakiwa kwenye chai, nakata tukikaribia gati. Leo nilihangaika na winchi, sikukata."

"Kasa wangapi?"

"Huyu ni wa nane."

"Walio hai?"

"Watatu. Tuliwarudisha. Wanne nao tuliwarudisha."

Nikaloweka gunia tena. Nikamwambia kile nilichokuwa nimekimeza wiki tatu: "Tarehe 16 mwezi uliopita wavu wako ulikuja umefungwa. Nilikufungulia kabla afisa hajaja."

"Najua. Nilisahau, nikakumbuka njiani, nikarudi mbio. Nikakuta pazia liko wazi." Akaniangalia. "Nikajua umeona. Ukanipa chakula, hukusema kitu. Nikadhani umenielewa."

"Wangapi tangu siku hiyo?"

"Pamoja na huyu, watano."

Kasa alivuta pumzi mara moja, saa saba na nusu, kwa sauti kama mtu anayefungua mtungi wa gesi. Tulisimama wote wawili. Hakuvuta nyingine. Afisa alikuwa safarini. Kwa simu alituambia tumwache hivyo hivyo hadi kesho, wapo wanaoamka baada ya siku nzima.

Nikamwambia mdogo wangu kwamba kitabu cha matengenezo kitaandikwa kilichoonekana.

"Dada," akasema taratibu, "umenilea ili uje unifunge?"

Mama alipofariki yeye alikuwa na miaka sita, mimi kumi na saba. Swali lile ana haki nalo. Sikumtafutia methali. Akanyanyuka, akarudisha sanduku mahali pake, akatoka.

6 Mei

Nimefungua banda saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Amekufa. Macho yamekauka.

7 Mei

Msimamizi alikuja na kitabu cha matengenezo na kalamu, akaninong'oneza ingawa tulikuwa wawili tu. "Andika wavu ulichanika, pazia likajisokota. Nyavu zinajisokota, si ndiyo?"

"Zinajisokota. Huu haukujisokota."

"Ni mdogo wako, fundi."

"Ndiyo maana nimechelewa wiki tatu."

Nikaandika: pazia limeshonwa kwa uzi wa bluu, macho thelathini na sita. Chini yake nikaandika kwamba tarehe 16 Aprili nilikuta mshono kama huo, nikaukata, nikauchoma, sikutoa taarifa. Nikatia sahihi. Msimamizi alisoma mara mbili, akaniuliza hiyo ya chini nimeulizwa na nani.

10 Mei

Mdogo wangu amevuliwa unahodha hadi msimu uishe, baadaye itaamuliwa. Meli amepewa msaidizi wake, yule wanayemwita Taratibu. Mimi nimepewa barua ya onyo. Inasema "kosa lisirudiwe". Nimeikunja nikaiweka humu.

12 Mei

Wifi amekuja, hakukaa.

"Wifi, nimekuja kukuuliza jambo moja. Angekuwa mwanao wa kumzaa, ungeandika?"

"Ningetamani nisiandike."

"Sikuuliza unachotamani."

Nikaishika tena sindano yangu. Akasema, "Basi hata mimi sitasema ninachotamani," akaondoka. Ni mtu mzuri. Angetukana ningepumua.

13 hadi 19 Mei

Kazi. Watu gatini wananisalimia vizuri mno.

23 Mei

Taratibu amerudi. Nusu. Binti Daftari alikuwa naye, pazia wazi wakati wote.

Mtu huyu ukimuuliza saa, anaangalia saa mbili tofauti kabla ya kujibu. Hana sababu ya kunidanganya. Alisimama mlangoni mwa banda akizungusha kofia.

"Fundi, sitaki kusema neno baya. Lakini kamba wanatoka juu. Nimewaona wakielea nyuma yetu tukivuta."

Neno lile lile la mwezi Machi. Safari hii sikucheka. Nikakumbuka kwamba viunzi tulivipima vikiwa vikavu, na wavu mkavu ni kama mtu kabla ya kula, haukuonyeshi umbo lake. Nikawaambia wenzangu tuitundike shingo ile ikiwa imelowa, tukafunga chubwi za uzito mwishoni mwa mfuko kama vile umejaa. Kipimapembe nilikinunua duka la vifaa vya shule. Muuzaji alidhani ni cha mjukuu.

Kiunzi kinatakiwa kisimame kwenye pembe ya nyuzi hamsini, au karibu na hapo. Za wengine tukazipima: 48, 50, 49. Ya mdogo wangu: 31. Shingo kuukuu imevutika, kiunzi kimelala chali. Kikilala hivyo maji yote yanapanda juu, yanalisukuma pazia, na kamba wanatoka nayo.

Shingo ile nilimpa mimi, ili nionekane simpendelei.

Asiyejua kucheza hulaumu uwanja, nilimwambia. Na uwanja ulikuwa umeinama kweli.

24 Mei

160 kwa 100. Nimemeza dawa nikaenda kwake.

Nilimkuta uani anaosha masufuria. Wifi yuko kazini. Hakuniambia karibu, lakini alinisogezea kigoda. Nikamwambia yote, na nyuzi zote, bila kuzungukazunguka. Aliendelea kusugua sufuria moja ambayo ilishakuwa safi.

"Kwa hiyo sikuwa mjinga," akasema mwisho.

"Hukuwa. Kamba walikuwa wanatoka, na mimi ndiye niliyekuwa nawatoa."

"Ningekuja kukwambia vizuri, kwa utulivu, ungepima?"

"Ulikuja. Nikakufanya kichekesho mbele za watu. Hapana, nisingepima."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata karatasi aliyokuwa anaitafuta. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea: "Wale kasa lakini hawakuuawa na nyuzi thelathini na moja. Wale niliwashonea mimi."

"Na watano mimi."

"Na watano sisi," akasema.

Nilipoondoka alinisindikiza hadi barabarani. Hakuna kilichokwisha, lakini alinisindikiza.

26 Mei

Nimeandika kwenye kitabu cha matengenezo: kosa la pembe, shingo kuukuu, fundi ni mimi. Afisa amekuja mwenyewe. Hakugomba. Alisema naye alipima vikavu, akaandika jina lake chini ya langu. Sasa kurasa mbili za kitabu kile zinasomeka kama daftari la maungamo.

28 Mei

Wavu mpya umefika hatimaye. Nimeshona shingo kwa siku moja na nusu. 50 kamili, ikiwa imelowa.

1 Juni

Taratibu amekuja kuniuliza kama itakuwa vibaya akimchukua mdogo wangu kama baharia wa kawaida. Nikamwambia amuulize mwenyewe. Akasema ameshamuuliza na amekubali. Alikuwa anauliza kama itakuwa vibaya kwangu.

2 Juni

Wameondoka. Mdogo wangu alikuwa anakunja kamba nyuma ya meli aliyoiendesha miaka tisa. Wale aliokuwa akiwaamuru hawakujua wamwite nani, wakawa wanamwita "wewe" kwa heshima.

12 Juni

Wamerudi. Taratibu ni wa tatu kwa safari hii, pazia wazi, Binti Daftari ndani. Alikuja kunionyesha daftari lake, safu ya kasa: sifuri, sifuri, sifuri.

"Hatukuona hata mmoja," akasema. "Sijui kama walitoka au hawakuwepo."

"Utajuaje?"

"Siwezi kujua, mama. Mlango ukifanya kazi, hakuna cha kuandika." Akaonekana kuudhika kidogo, kisha akacheka.

Nikamwomba radhi kwa jibu la Aprili. Akasema alilielewa siku ile ile. Ndiyo maana aliosha kikombe na kuondoka.

14 Juni

140 kwa 88.

21 Juni

Wifi amenitumia mtoto wake wa kike na sahani iliyofunikwa. Hakutuma neno. Nimerudisha sahani nikiwa nimeiosha, na sukari ndani yake.

30 Juni

Msimu umefungwa saa sita mchana. Ubao umeandikwa kwa mara ya mwisho: meli ya Taratibu ni ya tano, imeizidi ya sita kwa masanduku kumi na moja. Ya sita itakaa gatini mwakani. Hakuna aliyeshangilia, ya sita nayo ina watu.

Afisa alipita bandani, akakaa kwenye ukingo wa meza ya kushonea.

"Wameniomba maoni juu ya yule nahodha wa zamani. Arudishiwe meli msimu ujao, au asirudishiwe? Nakuuliza kama fundi, si kama dada."

"Humu ndani hamna wawili," nikamwambia. "Yuko mmoja, na amechoka. Kamuulize mdogo wangu kwanza."

"Nimetoka kwake. Amesema akae msimu mmoja zaidi chini ya Taratibu."

"Basi andika hivyo."

"Na wewe maoni yako?"

"Mwezi wa tatu ningekwambia mrudishie. Mwezi wa tano ningekwambia usimrudishie. Leo nakwambia amejibu vizuri kuliko mimi."

Akaandika.

Nilimkuta mdogo wangu gatini anaosha nyavu kwa mpira wa maji, suruali imekunjwa magotini. Nikashika upande wa pili nikauvuta kunyoosha.

"Msimu mzima?" nikamuuliza.

Alizima maji kwanza. "Dada, mtu akiwa kwenye usukani na mfuko ukija mtupu, anawaza mambo mengi. Nataka niuone mfuko mtupu mara kadhaa nikiwa sina amri ya kufanya kitu. Nione kama naweza kusimama tu."

"Na ukishindwa?"

"Utakuta uzi wa bluu," akasema. "Na safari hii utaniita."

"Nitakuita mbele za watu."

"Niite."

Akafungua maji tena. Tulianika nyavu zote sita kwenye uzio. Ule wa meli yake ulikuwa mzito, umejaa maji. Tuliubeba wawili, yeye mbele, mimi nyuma, tukipokezana kuambiana, "Polepole."